Manju Aliyelala na Spana

Mahona wa Mayige alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna mtu aliyewahi kukibishia, nacho ni kulala. Wengine tunalala kwa sababu tumechoka. Yeye alilala kwa sababu saa sita imefika. Mvua inyeshe, ndama akate kamba, mwenyekiti wa kitongoji apite na kipaza sauti chake: saa sita mchana ikigonga, mtu huyu anaingia barazani kwake, pale nje kidogo ya Bariadi kwenye barabara ya kwenda Maswa, anajitupa juu ya lundo la pamba, anajifunika kofia usoni, na kabla hujamaliza kumsalimia "Mwadila, baba," ameshakwenda zake. Hata kukoroma hakukoroma ovyo. Alikoroma kwa mapigo, na alikuwa akijisifia hilo.

Na humo usingizini, kwa maelezo yake mwenyewe, ndimo nyimbo zilimokuwa zikimjia.

Maana huyu hakuwa mlalaji wa hivi hivi. Alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika kikundi cha ngoma, na kwetu Usukumani ngoma si kitu cha kupotezea muda. Pamba ikishavunwa, vikundi viwili vinawekwa uwanja mmoja, siku moja, saa moja, kimoja huku na kingine kule, na vyote vinaanza kwa pamoja. Hakuna jaji mwenye miwani. Watu wanakwenda wanakovutiwa, na kikundi kilichozungukwa na watu wengi ndicho mshindi. Aliyeachwa anacheza mbele ya mbuzi na watoto waliopotezana na mama zao. Mahona alishinda hivyo miaka tisa mfululizo. Walikuja watu kutoka Shishiyu kumuuliza nyimbo anazitoa wapi, naye akawajibu kwa kiburi chote alichojaliwa: "Ninyi mnalala. Mimi nasinzia kwa akili."

Hawakuelewa. Hata yeye hakuelewa, lakini lilisikika vizuri.

Sasa tazama baraza lenyewe lilivyokuwa. Wakati bwana mkubwa amelala, mkewe Kabula na jirani yao Generoza wako mkekani, hatua tatu kutoka kichwani kwake, wanachambua pamba: safi huku, fifi kule, fifi ikiwa ni ile chafu yenye majani na madoa ambayo ukiichanganya na safi unarudishwa na gunia lako kutoka kwenye mizani. Kazi hiyo inachosha macho na mgongo. Kabula akawa anaimba. Aliimba juu ya mbuzi wa Generoza, juu ya karani wa mizani, juu ya mawifi zake na midomo yao. Alitunga palepale, akikosea anarudia, Generoza anaitikia. Saa tisa Mahona anaamka, anajinyoosha hadi mifupa inalia, anatazama paa kama mtu aliyeletewa barua, halafu anasema: "Umekuja."

Wimbo umekuja, ndiyo maana yake. Anauimba. Kabula anainamia pamba. Generoza anamtazama Kabula, mdomo wazi.

"Mama Felisita, lakini huu si—"

Kabula anamkanyaga mguu. "Muache. Nikiwa mke wa manju, hata harusini napewa kiti."

Basi wakaishi hivyo. Mwanamke anapewa kiti, mwanaume anapewa sifa zote zilizobaki.

Mwaka wa kumi Kabula alikwenda Mkula kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga, akakaa huko tangu mavuno hadi ngoma zilipokwisha. Mahona alilala barazani kama kawaida, akaamka kama kawaida, na wimbo haukuja. Akaimba wa zamani. Mwandu, manju wa kikundi cha upande wa pili, akamfagia watu wote hadi wauza miwa. Mwaka wa kumi na moja binti yao Felisita alijifungua mapacha huko Nyalikungu, Kabula akaenda kumsaidia. Mahona akalala, akaamka, kimya. Mwandu akamfagia tena. Mtu mwenye akili timamu angeanza kujiuliza ni nini kilichokosekana nyumbani miaka ile miwili. Mahona alijiuliza, akapata jibu: Mwandu ana dawa. Baadaye akapata lingine: godoro limezeeka. Wakati pale barazani halalii godoro, analalia pamba!

Na hapo mambo yalikuwa yamefika pabaya, kwa sababu kikundi chao kina sheria iliyoachwa na waanzilishi. Manju akipigwa mara tatu mfululizo, anakabidhi filimbi na ngoma kubwa, anapewa kengele za miguuni, na anarudi kucheza mstari wa nyuma pamoja na vijana wanaojifunza. Mahona alikuwa na miaka hamsini na mitatu na goti bovu. Kuna mtu huko mstari wa nyuma anaitwa Mhoja, alikuwa manju zamani. Leo watu wanamtuma maji.

Msimu wa tatu ulipoingia Kabula alikuwa amerudi nyumbani, mkeka umetandikwa, pamba imejaa baraza, Generoza amekaa mahali pake. Angejilalia tu yule mtu! Angejifunika kofia yake, akalala, yakaisha. Lakini wapi. Akaja Kristofa.

Kristofa ni mtoto wa dada yake Mahona. Alisoma, akakosa ajira, akakaa Mwanza miaka miwili, akarudi amevaa koti na kujiita mhamasishaji. Kazi ya mhamasishaji, kama hujawahi kumwona, ni kuwaambia watu waliochoka kwamba bado hawajachoka vya kutosha. Alimkuta mjomba wake amelala saa saba mchana, akasimama juu yake akitikisa kichwa mpaka mjomba akaamka kwa aibu.

"Mjomba, unalala sana."

"Ndipo ninapopatia nyimbo."

"Na ndiyo maana umepigwa mara mbili. Mjomba, dunia imebadilika. Magwiji hawalali hivi." Akatoa kwenye mkoba kitini cha kurasa kumi na moja, kimebanwa kwa pini, juu kimeandikwa kwa herufi kubwa: MAGWIJI WANAVYOLALA.

Akakisoma chote palepale barazani. Majina ya magwiji aliyatamka kwa pua, na Mahona hakushika hata moja, kwa hiyo akawapa majina yake. Kulikuwa na Mzungu wa Taa, ambaye wanasema alilala saa nne tu kwa siku na aliwaona walalaji kama wezi wa muda wao wenyewe. Kulikuwa na Mzungu wa Kahawa, mwandishi, aliyeamka saa saba za usiku na kunywa vikombe hamsini. Kulikuwa na mwingine aliyekuwa akilala dakika ishirini kila baada ya saa nne, usiku na mchana, basi. Na kulikuwa na yule aliyemteka Mahona moja kwa moja, Mzungu wa Ufunguo, mchoraji, ambaye alikaa kwenye kiti ameshika ufunguo mzito, chini ameweka sahani. Usingizi ukimchukua tu, vidole vinalegea, ufunguo unaanguka, sahani inalia, anashtuka na ndoto ikiwa bado ya moto. Anaichora.

"Mwe!" akasema Mahona. "Anaiwahi kabla haijakimbia!"

"Hasa, mjomba."

Kabula alikuwa hajainua macho kutoka kwenye pamba. "Kristofa baba, huyo wa kahawa. Hivyo vikombe hamsini alikuwa anapika nani?"

Kristofa akafunua kitini. Akafunua mbele, akafunua nyuma. "Hapa hawakuandika, mama."

"Na wake zao hao wote, walilala saa ngapi?"

"Humu hawamo."

"Kurasa kumi na moja?"

"Kumi na moja, mama."

"Wabeja," akashukuru Kabula, akaendelea kutupa fifi kule na safi huku.

Kesho yake asubuhi Mahona alihamia kwenye ghala. Alitoa magunia ya mtama, akaingiza kiti cha mbao chenye mikono, akatafuta ufunguo. Ufunguo wa nyumba yao ni wa kufuli ndogo, hauna uzito wa kuamsha hata sisimizi. Akachukua spana namba kumi na saba ya kufungia plau. Sahani nayo akaiona ndogo, akachukua sinia la Kabula, lile la bati lililokuja na mahari ya Felisita. Halafu akatoka nje na kutangaza amri. Gwiji anahitaji ukimya. Hakuna kuimba hapa uani, hakuna kutwanga mchana, na wanaochambua pamba wakachambulie kwa Generoza ng'ambo ya barabara.

"Tusiimbe?" aliuliza Kabula.

"Msiimbe kabisa. Mnanivurugia mawazo."

Generoza alicheka mpaka akakaa chini. Kabula hakucheka. Alikunja mkeka, akaubeba kichwani, akavuka barabara.

Basi yakaanza. Kila baada ya saa nne simu ya Mahona ililia, na wimbo wa simu yake ni honi ya basi. Analala dakika ishirini, anaamka, anakunywa kahawa, anakaa kwenye kiti, anashika spana, anasinzia. Kwaa! Spana kwenye sinia. Kuku wanaruka ukuta, mbwa anabweka, ndama anakata kamba, na Mahona macho mekundu anadaka simu na kujirekodi ndoto kabla haijakimbia. Mara ya kwanza spana ilikosa sinia ikatua kwenye kidole gumba cha mguu. Hiyo hakuirekodi, ila majirani wote waliisikia.

Alirekodi siku kumi na nne. Alipokuja Danford, mwenyekiti wa kikundi, mtu mpole mwenye daftari kwapani, kuuliza wimbo wa mwaka huu umefikia wapi, Mahona alimfungulia simu kwa fahari. Sauti nzito ya mtu anayetoka kuzimu ikasema: "Ng'ombe... amevaa... soksi."

Danford alifungua daftari. "Halafu?"

"Subiri, ipo nyingine." Akabonyeza. "Shemeji yangu... ni mlango."

"Mahona, ndugu yangu," akasema Danford taratibu, "zimebaki siku tisa."

"Hujaelewa. Haya ni mawazo mabichi. Magwiji walikuwa wanaanza hivi hivi."

"Vijana wanataka wimbo wa kuchezea. Sasa mtu anachezaje shemeji ni mlango?"

Kabula alikuwa ameleta maji ya kunywa. "Hizo soksi," aliuliza, "amevaa ngapi?"

"Nne," alijibu Mahona kwa uzito wote.

"Afadhali. Zimemtosha."

Danford aliondoka na daftari lake tupu. Kwenye mazoezi Mahona aliwafundisha wimbo wa ng'ombe na soksi, wakaujaribu, mpiga ngoma akapoteza mapigo kwa kucheka. Mhoja wa mstari wa nyuma hakucheka. Alisogea pembeni kidogo akaacha nafasi ya mtu mmoja, kimya kimya, kama unavyompisha mwenzio kwenye benchi. Mahona aliiona ile nafasi. Akarudi nyumbani akaongeza kahawa.

Kufikia wiki ya mwisho mtu alikuwa amekwisha. Aliisalimia nguzo ya umeme "Mwangaluka." Alimpigia Kristofa kumlalamikia kwamba nyimbo haziji, Kristofa akamwambia hapo ndipo wanyonge wanapokata tamaa, kisha akasema yuko kwenye semina, akakata. Alilikamua dume la ng'ombe. Dume lilivumilia, ndilo lililokuwa na busara pale uani. Na kila alipotoka ghalani kupunga upepo alisikia kwa mbali, ng'ambo ya barabara, wanawake wa Generoza wakicheka na kuitikia. Walikuwa wameongezeka. Wake za wachezaji karibu wote walihamishia pamba yao kule. Alitaka kwenda kuwaambia wapunguze sauti, lakini miguu ilikuwa mizito, akarudi kwenye kiti.

Siku ya ngoma ikafika. Uwanja ulijaa tangu asubuhi: watu wa Bariadi mjini, watu wa vijijini na baiskeli zao, wauza miwa, wauza karanga, akina Abdulkarimu wa maduka ya nguo waliofunga milango wakaja na viti vyao kabisa. Upande ule Mwandu, ana manyoya kichwani na nyoka wa kuazima shingoni. Upande huu Mahona, ana filimbi mdomoni na macho yamevimba kama aliyeng'atwa na nyuki.

Filimbi ya kuanza ikalia. Mwandu akalipuka. Watu wakaanza kusogea kule, kumi, ishirini, mia. Danford akamwangalia Mahona. Wachezaji wakamwangalia Mahona. Mahona alifungua mdomo, akatafuta wimbo wowote, hata wa soksi, akakuta ndani kweupe pee. Akasema moyoni: nikae kidogo tu nikusanye mawazo, dakika moja. Akaketi juu ya ngoma kubwa. Kutoka mfukoni, kwa mazoea ya wiki tatu, mkono wake ukatoa spana, ukaishika vizuri kabisa, ukaining'iniza.

Akalala. Mbele ya watu elfu mbili, jamani! Na kukoroma juu, kwa mapigo.

Danford alijishika kichwa. Mhoja alianza kufungua kengele za miguu yake moja moja, amletee. Watu wa upande huu walikuwa wamebaki hamsini hivi, nao wanatazama upande ule. Ndipo kwenye mstari wa wanawake Kabula akapiga hatua moja mbele. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Akainua sauti kwa Kisukuma, kwa ule wimbo waliokuwa wakiuimba mkekani kwa Generoza wiki tatu nzima, ambao kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

Kwetu kuna mwanaume, kaoa spana,
Anailaza kiganjani, mimi nalala na ukuta.
Ikidondoka anashtuka: nimeota nini?
Umeota kumekucha, baba, pamba ipo nje!

Wanawake wakaitikia kwa pamoja, maana waliujua hadi mikato yake. Wapiga ngoma wakadaka. Vijana wakaona wake zao na mama zao wanacheza, nao wakaingia. Hamsini wale wakageuka, wakamwona mwanaume mwenye spana amekaa juu ya ngoma, anakoroma, na wimbo unamwimba. Loo! Wakapiga kelele. Vikundi vya huku kwetu vina vituko vingi vya kuvuta watu, kuna wanaoleta fisi, kuna wanaomeza moto, lakini kulala kwa ustadi namna ile hakuna aliyewahi kuona. Wenzao wakakimbia kuja kuona. Mia, mia tano. Abdulkarimu alibeba kiti chake kichwani akavuka uwanja. Wimbo ulipofika mara ya tatu kwenye "ikidondoka", vidole vya Mahona vililegea, spana ikaanguka kwenye upatu uliokuwa chini, kwaa! Mahona akaruka juu macho yamemtoka, akauliza kwa sauti ya usingizini: "Nimeota nini?"

Elfu mbili wakajibu: "Umeota kumekucha, baba!"

Mwandu alibaki na nyoka wake. Hata mwenye nyoka alikuwa ameshavuka.

Mahona hakuelewa kitu kwa dakika nzima. Alisikia vigelegele, akaona watu wamemzunguka safu ishirini, akajua ameshinda. Halafu akausikia ule wimbo. Aliusikia vizuri, akasikia jinsi sauti inavyopanda kwenye mstari wa pili na kuvunjika kidogo mwishoni, na akatambua kwamba nyimbo zake zote za miaka tisa zilivunjika hapo hapo, namna ile ile, kwa sauti ile ile aliyoisikia usingizini, kutoka mkeka ule ule. Alimtazama mkewe. Naam, alielewa. Mtu asije akamtetea kwamba hakuelewa.

Mshereheshaji akaja mbio na maiki. "Manju Mahona! Umetuvunja mbavu! Waambie watu, wimbo mtamu kama huu umeutoa wapi?"

Uwanja ukanyamaza. Kabula alikuwa hatua tatu kutoka kwake, amesimama, anahema, mtandio umemwangukia mabegani. Hakumfanyia ishara yoyote. Alingoja tu. Generoza nyuma yake alikuwa ameshafungua mdomo tayari kupiga kigelegele jina la mwenye wimbo litakapotajwa.

Lilikuwa neno moja tu. Lina herufi sita.

Mahona akashika maiki. Akawaona watu elfu mbili. Akamwona Mhoja na kengele mkononi. Akasema: "Ndugu zangu, siri ni usingizi. Mimi nyimbo zangu zinanijia nikiwa nimelala."

Wakapiga makofi mpaka vumbi likainuka. Wakamvisha shada la majani, wakamkabidhi dume la zawadi, Danford akamwachia filimbi yake machozi yakimtoka. Kristofa, ambaye hakuwepo, jioni hiyo hiyo alituma ujumbe kwenye makundi yote ya simu kwamba mwanafunzi wake ameshinda, na kitini kina toleo jipya.

Generoza alifunga mdomo wake. Kabula aliokota mtandio, akaufunga vizuri, akaenda nyumbani kwa miguu.

Hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha Mahona kuliko kugombezwa. Alipika, akateka maji, akamwandalia, akamwita "baba Felisita" kwa adabu zote. Ila mkeka haukurudi barazani. Asubuhi alibeba karibu pamba yote iliyobaki, akavuka barabara. Mahona alivunja ufundi wake wote, akatoa kiti ghalani, akarudisha spana kwenye plau, akafuta honi kwenye simu. Saa sita ikagonga, akajilaza barazani juu ya pamba kidogo iliyosalia, akajifunika kofia. Hakuna aliyemwimbia. Nzi tu. Alilala, akaamka saa tisa, akatazama paa. Paa ni paa. Siku ya pili hivyo hivyo, siku ya tatu hivyo hivyo, na Danford alikuwa amekwisha kupita kusema kwamba kikundi kimealikwa Maswa mwezi ujao, na watu wanataka wimbo mpya, si ule wa spana.

Siku ya nne aliinuka, akachukua mto wake kwapani, akavuka barabara.

Wanawake walikuwa tisa mkekani, katikati ya kibwagizo, wanapigiana makofi magotini. Walipomwona anaingia na mto walinyamaza wote kwa wakati mmoja, kama redio iliyozimwa. Mahona akatoa salamu, wakaitikia kwa heshima. Akatafuta kivuli karibu na mkeka, hatua tatu kama zamani, akaweka mto, akalala, akajifunika kofia. Kimya. Alisikia pamba ikitupwa, safi huku, fifi kule. Akakaa hivyo muda wa kuchemsha maharage, kisha akaitoa kofia usoni.

"Mama Felisita. Mbona hamuimbi?"

"Tunakuvurugia mawazo, baba," akasema Kabula.

Generoza akakohoa. Mahona akaketi. Akajikuna goti bovu, akatazama mbuzi wa Generoza aliyekuwa akitafuna kamba, akamtazama mkewe, akaona mikono yake ilivyochanika kwa maganda ya pamba, mikono aliyokuwa akiiona tangu ujana na hakuwahi kuitazama. Aliona haya. Haya ya kweli, ya mtu mzima, ya kuchoma masikio. Akainama, akajisogeza hadi mkekani, akachukua pamba akaanza kuchambua naye, vibaya, akitia fifi kwenye safi. Kabula akawa anaitoa moja moja bila kusema kitu. Na akiwa ameinamisha uso vile, kwa sauti ambayo mbuzi labda aliisikia, Mahona akasema:

"Wimbo ni wako. Zote ni zako."

Mikono ya wanawake tisa ikasimama juu ya pamba.

"Sijasikia," akasema Kabula. "Sema kama ulivyosema kwenye maiki."